Aiskrimu "light" ya chokoleti: ipi ikae kwenye friza yako, na kwa ajili ya nani

Kiangazi cha mwaka juzi mama yangu alikuja kututembelea hapa Ohio kutoka Tanga. Ana kisukari cha aina ya pili, anameza metformin asubuhi na jioni, na likija suala la aiskrimu ya chokoleti hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Nikamnunulia kopo lililoandikwa "light" kwa herufi kubwa, nikamwambia, "Mama, hii nyepesi, jipakulie tu." Akajipakulia. Saa mbili baadaye mashine ya kuchoma kidole ikasoma 11.4 kwa kipimo tunachokijua nyumbani (mmol/L). Mashine za Wamarekani zingeandika 205 (mg/dL). Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri watu wazima wengi wenye kisukari wabaki chini ya 180 baada ya kula, yaani 10 kwa kipimo chetu. Usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake nikatoa mizani ya jikoni. Kipimo kimoja kinachotajwa kwenye lebo za Marekani ni theluthi mbili za kikombe. Nikakipakua, nikakipima: gramu 90. Halafu nikamwomba Mama ajipakulie bakuli kama la jana, bila kumwambia sababu. Gramu 210. Kwa aiskrimu ile, gramu 210 zinabeba wanga wa gramu 54 hivi, na karibu wote ni sukari. Wanga wa kiasi hicho unazidi ule wa kikombe kimoja cha wali mweupe uliopikwa, na Mama alikuwa ameshakula wali wake wa chakula cha jioni.

Kwa hiyo bakuli lilichangia. Lakini neno lililoandikwa kwenye kopo nalo lilichangia, kwa sababu mimi nililisikia kama neno la sukari, na si neno la sukari hata kidogo. Tangu siku ile nimesoma lebo nyingi za vitu baridi vya chokoleti kuliko nilivyowahi kudhani nitasoma, na ninachoandika hapa ni ulinganisho ambao ningetamani mtu anipe kabla sijamwambia mama yangu ajipakulie tu.

Neno "light" linaahidi nini

Kwa sheria ya Marekani, kitu kama aiskrimu ya chokoleti kinaweza kuitwa "light" kikitimiza moja kati ya mambo mawili: mafuta yamepungua kwa nusu au zaidi, au kalori zimepungua kwa theluthi moja au zaidi, kikilinganishwa na bidhaa ya kawaida ya aina hiyo. Sukari haitajwi. Mtengenezaji anaweza kupunguza mafuta, akaacha sukari palepale ilipokuwa, na kopo likaandikwa "light" kihalali kabisa. Ulaya na Uingereza neno hilo linadai punguzo la asilimia 30, na lebo iseme ni nini kilichopunguzwa. Ndugu zangu mlio huko, mtafute maneno hayo madogo yanayofuata neno kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo mtu halioni mpaka apime. Ulinganisho wa Marekani hufanywa kwa kipimo cha mlaji, yaani theluthi mbili za kikombe, na kikombe ni ujazo, si uzito. Aiskrimu huchanganywa na hewa wakati wa kugandishwa. Bila hewa ingekuwa tofali la barafu. Ukiongeza hewa, kikombe kinabaki kimejaa vilevile, lakini kilichomo ni kidogo, na kalori za kipimo kimoja zinashuka bila kubadilisha chochote katika mapishi. Sheria imeweka mpaka: kitu hakiitwi aiskrimu kama uzito wake ni chini ya gramu 540 hivi kwa lita, na lazima kiwe na mafuta ya maziwa angalau asilimia 10, ambayo kwa ya chokoleti yanaruhusiwa kushuka hadi 8 kwa sababu kakao nayo inachukua nafasi. Kisichofikia hapo, na hakikutimiza masharti ya neno kama "light" au "low fat", utakuta kimepewa jina lingine, mara nyingi "frozen dairy dessert". Jina hilo halimaanishi kitu kibaya. Linamaanisha usome mgongo wa kopo kwa makini zaidi.

Maneno mengine utakayokutana nayo kwenye friza za dukani, kwa haraka: "reduced fat" ni mafuta pungufu kwa robo, "low fat" ni mafuta yasiyozidi gramu 3 kwa kipimo, "fat free" ni chini ya nusu gramu. "No sugar added" ina maana hawakutia sukari wakati wa kutengeneza, ingawa sukari ya asili ya maziwa bado imo, na pengine imo na wanga mwingine nitakaoueleza chini. Hilo la mwisho ndilo linalowachanganya watu wetu wengi wenye kisukari.

Zikiwekwa bega kwa bega

Namba hizi ni za gramu 100, nimezikadiria kidogo ili zisomeke. Za dukani zimetoka katika jedwali la vyakula la Wizara ya Kilimo ya Marekani. Ya mwisho nimeikokotoa mwenyewe kutoka ndizi moja mbivu na kijiko kikubwa cha kakao isiyo na sukari. Nimetumia uzito kwa makusudi, ili hewa isitudanganye.

| Aina | Kalori | Mafuta (g) | Wanga wote (g) | Protini (g) |
|---|---|---|---|---|
| Aiskrimu nzito ya chokoleti | 255 | 17 | 20 | 4.7 |
| Aiskrimu ya kawaida ya chokoleti | 216 | 11 | 28 | 3.8 |
| Aiskrimu "light" ya chokoleti | 187 | 7 | 26 | 5 |
| "Light" isiyoongezwa sukari | 173 | 6 | 27 | 3.5 |
| Mtindi uliogandishwa wa chokoleti | 131 | 3.6 | 22 | 3 |
| Ndizi iliyogandishwa na kakao | 96 | 1 | 24 | 2 |

Tazama safu ya wanga kwanza, kabla ya kalori. Kutoka ya kawaida kwenda "light", wanga umeshuka kwa gramu 2 tu. Kalori zilizookolewa ni 29, sawa na vijiko viwili vidogo vya sukari visivyojaa. Hilo ndilo punguzo lote nililokuwa nimelinunua kwa ajili ya Mama, na lilikuwa limetoka kwenye mafuta, ambayo si ndiyo yaliyokuwa yanapandisha kipimo chake usiku ule.

Halafu tazama mstari wa juu kabisa. Aiskrimu nzito, ile ya bei ghali yenye krimu nyingi, ina wanga mdogo kuliko zote kwenye jedwali. Sukari yake ni gramu 17 hivi kwa 100, wakati ya kawaida ina 25 na ya "light" 24. Sisemi mwenye kisukari akale hiyo. Mafuta yake yanayoganda ("saturated fat" kwenye lebo), yale yanayopandisha lehemu, yaani kolesteroli, ni gramu 10 kwa kila 100, na hiyo ni nusu ya kiwango cha siku nzima kinachotajwa kwenye lebo za Marekani. Ninachosema ni kwamba mafuta na sukari ni mizani mbili tofauti, na neno "light" linapima moja tu.

Utagundua pia kwamba gramu 7 si nusu ya 11. Lakini ni chini ya nusu ya 17. Ndiyo maana lebo inalazimika kutaja imejilinganisha na nini na kwa asilimia ngapi. Ukipunguza kutoka kwenye kitu kizito sana, hata kilichobaki kinaweza kuwa kizito bado.

Kwa nini hawapunguzi sukari tu? Kwa sababu sukari kwenye aiskrimu inafanya kazi mbili. Inatia utamu, na inazuia maji yasigande yote, hivyo kijiko kinaingia. Aiskrimu ikinyimwa sukari bila kupewa kitu cha kuziba nafasi yake, huwa ngumu kama jiwe la kinu. Mafuta nayo ndiyo yanayofanya ulimi uhisi ulaini. Yakiondolewa, watengenezaji huongeza unga wa maziwa yasiyo na mafuta, gundi ya mbegu za guar, karagini ya mwani wa baharini, na wakati mwingine sharubati ya mahindi. Kila kinachotoka kinaachia nafasi, na nafasi lazima ijazwe na kitu. Ukishaelewa hilo, orodha ya viambato inaanza kusomeka kama mapishi.

Ile isiyoongezwa sukari

Hapa ndipo ningependa msomaji mwenye mzazi wa kisukari akae kidogo. Sukari ya aina hii ni ndogo kweli, karibu gramu 6 kwa 100, tena nyingi ni ya maziwa. Lakini wanga wote ni 27. Hizo gramu nyingine 20 na ushee ni nini? Ni maltodekstrini, polidekstrozi, na vitamu vinavyoitwa kwa Kiingereza "sugar alcohol": maltitoli, sorbitoli, eritritoli.

Kwanza niondoe hofu moja, maana Mama aliposomewa lebo aliweka kijiko chini na kuniuliza, "Mwanangu, hii ina pombe?" Haina. Ni jina la kikemia la jamii ya vitamu. Havilevi, wala havina uhusiano na kilevi. Kwa Mwislamu, kitu cha kuangalia zaidi kwenye aiskrimu za huku ni jelatini na baadhi ya mafuta ya kushikanisha, ambayo yanaweza kuwa ya mnyama bila lebo kusema ni mnyama gani. Alama ya halali ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo, tafuta isiyo na jelatini.

Turudi kwenye wanga. Vitamu hivi havifanani. Sukari ya kawaida ina kalori 4 kwa gramu. Maltitoli ina 2.1 kwa hesabu ya Marekani, na inapandisha sukari ya damu, ingawa taratibu kuliko sukari yenyewe. Eritritoli ina 0.2, na kwa sukari ya damu ni kama haipo. Maltodekstrini ni wanga wa kawaida kabisa, unapanda haraka, ingawa haiandikwi kwenye mstari wa sukari. Kwa hiyo makopo mawili yote yakiandikwa "no sugar added", moja linaweza kumfaa Mama na jingine likamrudisha kwenye 11. Mimi nikiona maltitoli au maltodekstrini kati ya viambato vitano vya kwanza, nalirudisha kopo kwenye rafu.

Na tumbo nalo lina haki yake. Maltitoli na sorbitoli zikiwa nyingi huvuta maji kwenye utumbo, na mtu atakesha akienda msalani. Lebo za Ulaya hulazimika kuonya pale vitamu hivi vinapozidi asilimia 10 ya bidhaa. Ukimpa mzee kwa mara ya kwanza, mpe kidogo, na isiwe usiku wa kuamkia safari.

Eritritoli ilizua mjadala mwaka 2023, pale watafiti wa Cleveland Clinic, hapahapa Ohio, walipotangaza kwamba watu waliokuwa na kiwango kikubwa cha eritritoli katika damu walipatwa zaidi na shambulio la moyo na kiharusi katika miaka iliyofuata. Utafiti ulionyesha vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Haukuthibitisha kwamba kimoja kimesababisha kingine, na mwili wenyewe hutengeneza eritritoli kidogo. Hata hivyo kwa mama yangu, ambaye ana presha pia, niliamua kisiwe kitu cha kila siku. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu visivyo sukari visitumike kama njia ya kudhibiti uzito; ushauri huo haukuwahusu wale ambao tayari wana kisukari. Naitaja kwa sababu nimewaona dada zetu wengi wakinunua hizi kwa ajili ya kupungua unene.

Painti yenye protini

Painti ni kopo la karibu nusu lita, na hii yenye protini ndiyo iliyobadilisha friza za Marekani. Justin Woolverton, mwanasheria wa Los Angeles, alianza kuuza aiskrimu ya Halo Top mwaka 2012, na kufikia 2017 ndiyo iliyokuwa painti ya aiskrimu inayouzwa zaidi katika maduka ya vyakula nchini humo. Alichofanya kilikuwa rahisi kukiona: aliandika kalori za painti nzima mbele ya kopo, kwa tarakimu kubwa, kati ya 240 na 360. Watu hula painti nzima. Yeye alikubali ukweli huo na kuuandika. Wengi wamemfuata tangu hapo.

Ndani yake kuna maziwa yaliyopunguzwa mafuta, mayai, protini ya maziwa, nyuzinyuzi, eritritoli, stevia, na sukari kidogo. Protini ni gramu 20 hivi kwa painti, ambayo ni nyingi kwa kitu kitamu. Lakini iweke painti hiyo kwenye mizani: gramu 260 hivi. Painti ya aiskrimu nzito hupita gramu 400. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni hewa, na ndiyo maana ikikaa nje dakika kumi inasinyaa kopo likaonekana nusu. Painti nzito ya chokoleti, kwa hesabu ya jedwali hapo juu, inavuka kalori 1,000. Kwa hiyo mtu ambaye anajijua kwamba akifungua kopo halifungi tena, painti hii inamwokolea kalori 700 kwa usiku mmoja. Kwa mtu huyo naipendekeza bila kusita.

Ladha? Itoe nje dakika kumi kabla ya kula, la sivyo ni kama kutafuna theluji. Chokoleti yake ni ya mbali, na mwisho wa ulimi kuna ubaridi wa ajabu ambao si wa barafu. Ni wa eritritoli. Mume wangu anaipenda. Mama alionja kijiko kimoja, akanirudishia bakuli kwa upole.

Mtindi uliogandishwa

Kalori chache, mafuta machache, na sifa njema ambayo nadhani imezidi. Mtindi ni mchachu, na ili chokoleti isikike juu ya uchachu huo huongezwa sukari. Wanga wa gramu 22 si haba. Kinachouharibu zaidi ni yale maduka ya kujihudumia, ambapo unashika mkono wa mashine mwenyewe, kikombe ni kikubwa, na pembeni kuna biskuti zilizosagwa na sharubati. Wanauza kwa uzito. Ukifika kaunta, mizani yao inakupa namba unayohitaji. Soma uzito huo kabla hujasoma bei.

Kuna faida moja ya kweli kwa watu wetu. Wengi wetu tukishakua hatusagi vizuri sukari ya maziwa, na aiskrimu za "light" zina unga mwingi wa maziwa kuliko za kawaida, kwa hiyo tumbo hujaa gesi. Mtindi wenye bakteria hai husaidia kuisaga sukari hiyo, mradi lebo iseme bakteria bado wako hai. Kwa ambaye hata huo unamsumbua, zipo zilizotengenezwa kwa tui la nazi. Tui ni letu na tunalipenda, lakini mafuta yake karibu yote ni yale yanayoganda. Kutokuwa na maziwa hakuifanyi kuwa nyepesi.

Kijiti

Sasa nafika kwenye kile ninachokiweka kwenye friza yangu. Aiskrimu ya kijiti ya chokoleti isiyopakwa ganda, ile laini ya kahawia ambayo Wamarekani huiita "fudge bar". Imetengenezwa kwa maziwa yasiyo na mafuta, maji, sukari, kakao na gundi kidogo. Kijiti kimoja kina kalori kati ya 60 na 110 kutegemea ukubwa, mafuta gramu moja au mbili, na sukari ya kuongezwa gramu 10 hadi 14. Ile isiyoongezwa sukari ina kalori 40 hivi na wanga wa gramu 10 au pungufu.

Ukiipima kwa gramu 100 kama nilivyofanya kwenye jedwali, sukari ya kijiti cha kawaida haina tofauti kubwa sana na ya aiskrimu ya kopo. Ubora wake uko mahali pengine. Kijiti kinaisha. Hakuna bakuli, hakuna kijiko cha kuongezea, hakuna kulinganisha upande wa kopo uwe sawa. Mama alikuwa akikaa barazani na kijiti chake, anakilamba polepole kwa sababu hakitafuniki haraka, dakika kumi nzima, huku akimsimulia mwanangu habari za lambalamba walizokuwa wakinunua shilingi chache wakitoka madrasa. Mti ukibaki mtupu anauosha na kuuweka kwenye glasi dirishani. Mwanangu alikuwa akiukusanya kwa michezo yake. Vijiti viwili kwa wiki vya ile isiyoongezwa sukari, baada ya chakula chenye mboga nyingi na wali mdogo, na kipimo chake cha saa mbili kilikaa kati ya 8 na 9. Huo ni mwili wa mama yangu. Wa mwingine utasema lake, na mashine ndiyo itakayokuambia.

Epuka kuvichanganya na vijiti vilivyopakwa ganda la chokoleti. Ganda lile mara nyingi ni mafuta ya nazi na sukari, kwa sababu mafuta ya nazi huganda haraka yakigusa baridi. Hata kikiandikwa "light", geuza boksi usome mstari wa mafuta yanayoganda.

Sorbeti ya chokoleti nitaitaja kwa sentensi mbili. Haina maziwa, haina mafuta ya maana, na ni nzuri kwa asiyekula vitu vya mnyama. Lakini ni maji, sukari na kakao, na kwa mwenye kisukari haina sababu ya kuingia kwenye kapu.

Nani achukue ipi

Mwenye kisukari: kijiti kisichoongezwa sukari, baada ya kuhakikisha maltitoli haimo mwanzoni mwa orodha. Soma mstari wa wanga wote, si wa sukari peke yake. Mwenye lehemu ya juu au ugonjwa wa moyo: kijiti au mtindi, na mstari wa kusoma ni wa mafuta yanayoganda, kwa kanuni ya lebo za Marekani, asilimia 5 ya siku au chini ni kidogo, 20 au zaidi ni nyingi. Anayepunguza uzito na anajua udhaifu wake uko kwenye kopo: painti ya protini. Anayejiweza, ambaye vipimo vyake viko sawa na hula aiskrimu mara moja kwa mwezi, mimi ningemwambia achukue ile nzito, kipimo kimoja kilichopimwa, aile ameketi. Itamridhisha kwa kidogo.

Watoto ni suala jingine. Sipendi kuwapa vitamu mbadala kila siku, maana ulimi unazoea utamu uleule mkali. Kijiti kidogo cha kawaida kinawatosha. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana isifike 5. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni gramu 25 hivi, kama vijiko sita vidogo. Mtoto mdogo ni chini ya hapo. Kijiti cha gramu 10 kinachukua sehemu kubwa, basi siku hiyo juisi ya boksi ikae dukani. Na mtoto mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili unashindwa kuvunja fenilalanini, asipewe chochote chenye kitamu cha aspatame, maana fenilalanini imo ndani yake. Lebo inalazimika kuitaja.

Ya nyumbani, kwa Tanga

Mama aliporudi, swali lilikuwa atakula nini, kwa sababu vijiti vile hakuvizoea dukani kwao, na aiskrimu nyingi anazozipata hazimweleweki kwenye lebo. Huko angalia hasa kama orodha ya viambato inaanza na maziwa au na maji, sukari na mafuta ya mimea. Mafuta ya mawese na ya nazi hufanya aiskrimu iwe ya bei nafuu, na ni yale yale yanayoganda.

Tulikubaliana atengeneze mwenyewe. Ndizi mbivu moja, isiyoiva mpaka ikawa nyeusi, kwa sababu kadiri inavyozidi kuiva wanga wake unageuka sukari. Aikate vipande vyembamba, aigandishe usiku kucha kwenye bakuli lenye mfuniko. Asubuhi aisage kwenye blenda pamoja na kijiko kikubwa cha kakao isiyo na sukari, vijiko vitatu vya mtindi usiotiwa sukari, na chumvi kidogo sana. Chumvi ndiyo inayoifanya kakao isikike. Kwanza inakuwa kama makombo, unadhani imeharibika. Endelea kusaga, ghafla inalainika na kung'aa kama aiskrimu ya mashine.

Ndizi moja ya wastani ina kalori 105 na sukari gramu 14, yote ya tunda, pamoja na nyuzinyuzi gramu 3. Kijiko cha kakao kinaongeza kalori 12 na nyuzinyuzi karibu gramu 2. Mama anaigawa mara mbili, yeye na dada yake, kwa hiyo kila mmoja anapata wanga wa gramu 15 hivi, kama kipande kimoja cha mkate. Kakao ya Kyela ikipatikana ni bora, lakini kakao yoyote inafaa mradi kwenye kopo pameandikwa kakao tu; zile za kunywea, zenye sukari na maziwa ya unga tayari, zinaharibu hesabu yote.

Wiki iliyopita alinipigia kulalamika kwamba umeme ulikatika mchana kutwa, ikayeyuka, na iliporudi kuganda ikawa na mchanga wa barafu. Nikamwambia ndizi ile asiile tena, kwa sababu ya mtindi uliokaa na joto. Siku nyingine aweke vipande vya ndizi tupu kwenye friza, na mtindi autie anaposaga tu.